Funga daftari, ukumbuke gizani

MASWALI YA WASOMAJI
Mama Mwalimu anajibu kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo

*Jambo Mama Mwalimu. Niko mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, seksio ya pedagojia, yaani ualimu, ninaishi Panzi. Saikolojia inanitesa. Daftari langu nimelisoma mara tano, toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na mistari ya maana nimeipaka rangi ya njano. Lakini mwalimu akiuliza swali, ninapotea. Pavlov na Skinner ninawachanganya. Na ile wanayoita «renforcement négatif», mimi ninaandika ni adhabu, na kila mara mwalimu anaipiga msalaba mwekundu. Mchana ninamsaidia mama kuuza sambaza, wale samaki wadogo, kwa hiyo ninasoma usiku, umeme ukiwepo. Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, imebaki wiki sita. Je, nianze kukesha?*
*Binti wa Panzi*

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu nikapiga mstari chini ya maneno mawili: «mara tano». Ugonjwa wako umekaa hapo. Wala sikulaumu, maana hakuna aliyekuonyesha njia nyingine. Sisi walimu tunawaambia watoto «nendeni mkasome», halafu tunasahau kuwafundisha jinsi ya kusoma.

Nimefundisha saikolojia miaka 27 hapa hapa mjini, mpaka nilipopumzika. Kila mwaka nilimpata mwanafunzi kama wewe: mwenye bidii, daftari safi, njano kila ukurasa, na alama zisizolingana na jasho lake. Kinachotokea ni hiki. Ukiufikia ukurasa kwa mara ya tano, macho yanaupokea kama mgeni aliyezoeleka nyumbani. Unasema moyoni, «huyu namjua.» Kumbe unamtambua tu. Kutambua na kukumbuka ni vitu viwili, na bila shaka vimeandikwa katika sura ya kumbukumbu ya daftari lako hilohilo. Yule mama unayepishana naye kila asubuhi sokoni Nyawera unamtambua kwa mbali, hata kwa kitenge chake. Ukiulizwa jina lake, kimya.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Waliwapa maandishi mafupi wayasome. Kisha wengine wakayasoma tena, na wengine wakanyimwa karatasi wakaambiwa waandike kila wanachokikumbuka. Waliopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele: asilimia 81 kwa 75. Waliopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, walioandika bila kutazama walikuwa na 56. Unaona mtego ulipo? Kurudia kusoma kunakulipa jioni hiyohiyo, ndiyo maana unakuamini. Lakini Exetat yako haiji jioni hii.

Kwa hiyo fanya hivi. Soma ukurasa mmoja, polepole, mara moja. Funga daftari. Chukua mgongo wa karatasi yoyote ya zamani uandike yote yaliyobaki kichwani, hata kama ni mistari minne iliyopinda. Utaumia. Utaona kichwa ni kitupu na utatamani kuchungulia. Vumilia kidogo, maana kule kutafuta ndiyo kazi yenyewe. Halafu fungua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Kesho yake, kabla hujagusa ukurasa mpya, jiulize ule wa jana. Urudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha utafiti wake mwaka 1885, alijifanya yeye mwenyewe mtu wa kupimwa: alikariri silabi zisizo na maana, akahesabu anazisahau kwa kasi gani. Aliona kwamba kusahau kunakimbia sana mwanzoni, kisha kunapunguza mwendo. Na kitu ulichokwisha kujifunza, hata ukidhani kimepotea chote, ukikirudia kinachukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Mwenzako Ebbinghaus hakuwa na mistari ya njano.

Sasa nije kwenye umeme, kwa sababu neno lako «umeme ukiwepo» limenigusa. Ninakaa Kadutu, ninajua ni usiku mingapi balbu inazima kabla ya saa mbili. Lakini fikiri, binti yangu: kusoma kunahitaji taa, kukumbuka hakuhitaji. Taa ikizima, giza limekufungia daftari. Lala chali ujiulize: hatua za Piaget za kukua kwa akili ya mtoto ni ngapi, ya pili inaitwaje, mtoto wa hatua hiyo hawezi nini? Ukikwama, weka alama kichwani, utaangalia kukipambazuka. Mchana vilevile, unapochambua sambaza na mama yako, mikono ina kazi lakini kichwa kiko huru. Wewe unadhani saa za sokoni zinakuibia masomo. Mimi ninaona una saa nyingi kuliko mtoto aliyefungiwa chumbani na daftari wazi mbele yake.

Haya, Pavlov na Skinner.

Ivan Pavlov alikuwa mtaalamu wa mwili, si wa roho ya watu. Alichunguza mmeng'enyo wa chakula kule Saint Petersburg, na kazi hiyo ndiyo iliyompa tuzo ya Nobel mwaka 1904. Mbwa wake walitoa mate chakula kikiingia mdomoni, jambo ambalo hakuna anayemfundisha mbwa. Kilichomshangaza ni kwamba walianza kutoa mate kabla ya chakula, kwa ishara tu zilizozoea kukitangulia. Sasa nenda jikoni kwenu. Mdogo wako yuko uani anacheza. Mama anainua kifuniko cha sufuria ya sombe, majani ya muhogo, na kifuniko kinalia. Mtoto anameza mate, na sombe hajaiona wala kuionja. Sombe ndiyo kichocheo cha asili. Mlio wa kifuniko, ambao zamani haukumwambia kitu, umekuwa kichocheo cha kujifunza kwa sababu siku zote ulitangulia chakula. Mtoto hakuamua kumeza mate. Mwili umejibu wenyewe.

Skinner, Mmarekani, yeye alimweka panya ndani ya sanduku lenye kijiti cha kubonyeza. Panya anabonyeza, chembe ya chakula inaanguka, panya anabonyeza tena na tena. Hapa mnyama ametenda kwanza, na kinachofuata ndicho kinachoamua kama atarudia. Mfano wako unao mkononi kila siku: mteja ananunua fungu mbili, mama yako anamwongezea samaki wachache za matabishi. Kesho mteja anazipita meza tatu za wengine, anakuja kwenu. Kununua kwake kumeimarishwa.

Swali likikuchanganya, jiulize kitu kimoja tu: lile jambo muhimu limekuja kabla ya tendo au baada yake? Mlio wa kifuniko unakuja kabla ya mate. Matabishi yanakuja baada ya kununua. Kabla, Pavlov. Baada, Skinner.

Na «renforcement négatif» yako. Tatizo ni neno «négatif», sikio linasikia ubaya. Lisikie kama kwenye hesabu: kutoa. Kuna kitu kimeondolewa. Na «renforcement» ni kuimarisha, maana yake tabia imeongezeka. Adhabu inapunguza tabia, kwa hiyo haiwezi kamwe kuwa kuimarisha, iwe chanya, iwe hasi. Angalia mama mwenye mtoto mchanga. Mtoto analia, mama anambeba mgongoni, kilio kinakatika. Siku inayofuata mama hasubiri, akisikia sauti ya kwanza tu anachukua kitenge. Tabia ya mama imeongezeka kwa sababu kilio, kitu kinachomkera, kimeondolewa. Hiyo ndiyo «renforcement négatif» yenyewe. Lakini sasa geuka umtazame mtoto: amelia, amepata mgongo wenye joto, kesho atalia zaidi. Kwake yeye kitu kimeongezwa, na ni kuimarisha chanya. Tukio moja, wanafunzi wawili, majibu mawili. Watunga maswali wanaipenda sana mitego ya namna hii. Kabla hujachagua, weka kidole kwenye swali utafute linamuuliza nani: mama au mtoto?

Kuna mfano mwingine ninaoupenda kuliko yote, nikuongezee. Ile robine ya avenyu yenu ambayo maji yanakuja yanapotaka. Kwa nini kila anayepita anaifungua, hata kama jana ilikuwa kavu na juzi kavu? Kwa sababu kuna siku ilitoa, na hakuna anayejua saa itakayotoa tena. Robine ya mji ambao maji hayakatiki, ikikauka siku mbili watu wanaacha kuifungua, wanatafuta fundi. Sisi hatuachi. Skinner alionyesha kwamba tabia inayoimarishwa mara mojamoja, bila mpango unaojulikana, ni ngumu sana kuizima kuliko ile inayoimarishwa kila mara. Ukiielewa robine, umeelewa ukurasa mzima.

Nisikufiche kwa nini ninashikilia mifano hivi. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na msichana aliyekariri kuliko wote. Nilipenda kumsimamisha mbele ya wenzake aseme Pavlov neno kwa neno, na darasa linamrudia kwa sauti moja. Siku ya mtihani wa muhula niliweka swali hili: mtoto alichomwa sindano na mtu mwenye koti jeupe, wiki iliyofuata alimwona kinyozi mwenye koti jeupe akapiga makelele, eleza. Yule msichana aliniandikia ukurasa mzima juu ya mbwa. Mate, chakula, Saint Petersburg, hakukosea hata nukta. Kuhusu mtoto, hakuandika neno. Nilimpa sifuri, na nilimkuta baadaye amekaa kwenye ngazi, uso ndani ya magoti. Nilikaa karibu naye na sikujua nimwambie nini, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha mbwa. Kujifunza kwa mazoea sikumfundisha. Toka siku ile sikukubali tena jibu lisilo na mfano wa hapa kwetu.

Jibu lake, kama na wewe unalitafuta: hofu iliyoambatana na koti moja imehamia kwenye kila koti linalofanana nalo, «généralisation du stimulus». Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner walimfanyia hivyo mtoto mchanga waliyemwita Albert. Walipiga chuma kwa nyundo nyuma yake kila alipogusa panya mweupe, mpaka akamwogopa panya, kisha na sungura, na koti la manyoya. Leo utafiti kama ule haukubaliki, na ni vizuri usikubaliwe.

Mtihani unafanywa kwa Kifaransa, na hapa watoto wetu wanabeba mzigo wa ziada. Usiukwepe, lakini uupange. Kata karatasi vipandevipande. Upande mmoja andika neno la Kifaransa kama lilivyo kwenye daftari, na herufi zake zote. Upande wa pili andika mfano wako kwa Kiswahili: kifuniko, matabishi, robine, kinyozi. Usiandike tafsiri ya kamusi, andika mfano. Halafu mweleze mama yako mkiwa sokoni, kwa Kiswahili kitupu. Akiuliza «sasa hiyo ina maana gani?» ukashindwa kumjibu, basi bado hujajua, hata kama Kifaransa chake kinateleza mdomoni. Akielewa, rudi kwenye Kifaransa, sema mara moja kwa sauti.

Hukuniuliza Piaget, ila siwezi kukuacha uende bila yeye, maana ana maswali kila mwaka na watu wanakariri umri tu. Alizaliwa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1896, akafa Geneva mwaka 1980, na sehemu kubwa ya alichotuachia aliipata kwa kukaa na watoto akiwauliza maswali. Nawe fanya hivyo. Chukua glasi mbili zinazofanana, jaza maji sawasawa, mwite mdogo wako mwenye miaka mitano akubali kwamba ni sawa. Kisha mbele ya macho yake mimina moja ndani ya chupa nyembamba ndefu. Muulize wapi kuna maji mengi. Atakuonyesha chupa, tena atakushangaa wewe usiyeona. Rudisha maji kwenye glasi, atakubali ni sawa. Mimina tena, atasema chupa. Baadaye mwite wa miaka tisa. Atasema «ni yaleyale, umehamisha tu», na pengine atakucheka. Huyo mdogo yuko hatua ya pili, miaka 2 hadi 7 hivi; mkubwa ameingia ya tatu, 7 hadi 11 au 12. Kabla yao kuna mtoto wa hisi na mikono, toka kuzaliwa hadi miaka 2, na baada yao kijana anayeweza kufikiri juu ya mambo yasiyoshikika. Hicho alichokikosa mdogo wako, kujua kwamba maji ni yaleyale hata chombo kikibadilika, kinaitwa «conservation». Ukifanya jaribio hili jioni moja, hutalisoma tena maishani. Miaka ni ya kukadiria, usishangae ukikuta mtoto wa sita anayejibu kama wa tisa.

Utaniambia Exetat inaleta majibu tayari, mtu anachagua tu, basi kutambua kunatosha. Hapana. Aliyetunga ameyapanga majibu yanayofanana kama mapacha, na mtu wa kutambua ataona yote ni sura anazozijua. Funika majibu kwa kiganja, soma swali, jibu mwenyewe. Ndipo uinue kiganja utafute jibu lako. Fanyia mazoezi hilo kuanzia sasa kwa maswali ya miaka iliyopita, waulize dada na kaka waliomaliza, wengi bado wanayo.

Kukesha, usikeshe. Mwaka 1924 Jenkins na Dallenbach walilinganisha watu waliojifunza silabi kisha wakalala na waliojifunza kisha wakabaki macho saa zilezile. Waliolala walikumbuka zaidi. Wewe unaamka alfajiri kuwawahi wavuvi. Ukiikata na ile saa ya usiku iliyobaki, unayamwaga uliyoyachota mchana.

*Mama Mwalimu, mimi pia niko seksio ya pedagojia. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kuna mtu anauza majibu ya Exetat kabla ya siku yenyewe. Wenzangu wameanza kuchanga. Mimi nabaki peke yangu, ninaonekana mjinga. Unanishauri nini?*
*Kijana wa Bagira*

Usichange. Wewe utakaa na seri yako, yaani toleo lako la karatasi ya maswali, jirani yako na seri nyingine, na yule muuzaji hajui utapewa ipi. Akikupa herufi na namba za uongo, utamshtaki wapi? Lakini hata kama zingekuwa za kweli, mwanangu, wewe unasomea ualimu. Mwaka ujao unaweza kuwekwa mbele ya watoto hamsini wa darasa la kwanza, na mmoja wao atakuwa kimya kila siku, hasemi, hachezi. Wazazi wake wanakutegemea wewe uone kwamba kuna jambo. Saikolojia unayoisoma sasa ndiyo macho utakayomtazamia. Kuhusu upweke wako: tafuta wawili tu kati ya hao waliochanga, uwaambie mkutane Jumamosi mjiulizane maswali. Nina hakika wako wanaochanga kwa hofu, na wanangoja mtu awaite.

*Mama, mimi ni mzazi hapa Kadutu. Mtoto wangu wa kiume nyumbani anajibu kila kitu, lakini akiingia chumba cha mtihani anatetemeka, anasahau hata jina la mwalimu wake. Mwaka jana alianguka. Mwaka huu nimemwambia wazi: ukianguka tena, usirudi kwangu. Je, hiyo itamsaidia?*
*Baba wa watoto watano*

Ndugu yangu, asante kwa kuuliza, wazazi wengi hawaulizi. Haitamsaidia, itamzamisha. Hofu kidogo inamwamsha mtu. Hofu nyingi, na kazi ikiwa ngumu, inamfunga. Robert Yerkes na John Dodson waliliona mwaka 1908 kwa panya waliofunzwa kutofautisha weupe na weusi: kazi ilipokuwa ngumu, mshtuko mkali uliharibu kujifunza badala ya kukuharakisha. Mtoto wako tayari anao mshtuko wake wa mwaka jana. Wewe unamwongezea mwingine.

Liondoe lile neno, na uliondoe kwa mdomo wako, mbele yake. Kunyamaza tu hakutoshi, kwa sababu alilisikia na bado analibeba. Mwambie: «Lile nililolisema nimelifuta. Nyumba hii ni yako, ufaulu usifaulu.»

Kisha kizoesheni chumba. Nyumbani anajibu akiwa ameketi kwenye kochi, anakunywa chai, hakuna saa. Mpe meza tupu, karatasi, kalamu, na saa ya simu yako, maswali ishirini kwa muda uliopangwa, watoto wengine watulie. Mara mbili kwa wiki. Aanze kila mara na maswali matatu anayoyajua vizuri, hata kama yako katikati ya karatasi, ili mkono uache kutetemeka kwanza. Mwezi mmoja ukipita, mwili wake utakuwa umekaa kwenye mtihani mara nane bila kufa.

Na jioni zilizobaki, kaa wewe kwenye kigoda, yeye asimame. Mwombe akufundishe saikolojia, akuhesabu kama mwanafunzi wake wa kwanza. Usimsahihishe, hata ukidhani amekosea. Akimaliza sehemu moja, mwambie tu: «Mwalimu, sijaelewa. Nipe mfano wa hapa Kadutu.»